Kuhesabu kwa Vidole, kwa Mbegu, kwa Vijiti

Leo nina neno juu ya hesabu za watoto wadogo, wale wa darasa la awali, la kwanza na la pili, na naanza kwa kukupa kazi. Kama kuna mtoto wa miaka sita hapo ulipo, mwite. Mwambie ahesabu toka moja hadi ishirini. Huku kwetu Lindi, kuanzia Mtua hadi Ruangwa mjini, watoto wengi watakuhesabia bila kusita, tena kwa ile sauti ya darasani, ya kuimba. Akimaliza mwambie, "Mwanangu, nihesabie mbegu kumi na tatu za ukwaju uniletee." Kama ukwaju haupo, basi vijiti, visoda, mawe madogo, chochote kilicho karibu. Kisha tulia utazame. Usimsaidie.

Yupo ambaye mdomo wake utakimbia kuliko kidole: kidole kiko kwenye mbegu ya tano, mdomo umeshafika nane. Mwingine ataigusa mbegu moja mara mbili, nyingine ataruka. Na yupo atakayehesabu vizuri kabisa, moja baada ya moja, hadi kumi na tatu, ukimuuliza, "Haya, ziko ngapi?" anaanza tena: moja, mbili, tatu. Huyo hajajua bado kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya mbegu zote. Ameshika mfuatano wa majina ya namba. Idadi yenyewe bado.

Mzazi akisikia mtoto anahesabu mpaka mia hufurahi, akamwita na jirani aje asikie. Furaha hiyo ni halali. Kukariri mfuatano ni hatua ya kwanza na haina njia ya mkato. Shida inaanza pale sisi wakubwa, nyumbani na shuleni, tunapodhani kwamba kazi imekwisha. Mwaka 2013 wanafunzi wa darasa la pili nchini walipopimwa katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, picha iliyoonekana kwenye kuhesabu ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Maswali mepesi ya kujumlisha, ambayo mtoto anaweza kuyashika kichwani kwa kurudiarudia, waliyaweza kuliko mengine. Walipoulizwa ni namba gani inakosekana kwenye mfuatano, au walipopewa kutoa namba za tarakimu mbili, wengi walikwama.

Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita kwenye hizo KKK tatu. Mkoa wetu wa Lindi ulikuwa pia miongoni mwa mikoa ya mradi wa EQUIP-T, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Uingereza. Walimu walipewa mafunzo kazini, na kwenye vijiji ambako darasa la awali lilikuwa mbali, watoto walikusanywa kwa wiki kadhaa kuandaliwa kuanza shule, wakiongozwa na mtu wa kijiji hicho hicho. Ilikuwa kazi nzuri. Mradi ukafika mwisho wake, kama ilivyo kawaida ya miradi. Lakini mtoto kushika kitu na kukihesabu hakuhitaji mfadhili.

Niruhusu nikae kwenye namba kumi, maana hapo ndipo watoto wetu wengi wanapojikwaa, na aliyejikwaa hapo huchechemea mpaka mwisho wa shule ya msingi.

Chukua vijiti ishirini na tatu. Mabua ya mtama yaliyokatwa sawasawa yanafaa sana, hata njiti za fagio. Mpe mtoto pamoja na vipande vya kamba. Mwambie ahesabu kumi, afunge kitita. Ahesabu kumi nyingine, afunge. Vitabaki vitatu. Sasa muulize: una vitita vingapi? Viwili. Visivyofungwa je? Vitatu. Hapo ndipo umwandikie mchangani 2, na pembeni yake 3. Ile mbili ni vitita, ile tatu ni vijiti visivyofungwa. Kila mwalimu wa darasa la kwanza amemwona mtoto anayeandika ishirini na tatu kama 203. Mtoto huyo ameandika alichosikia, ishirini halafu tatu, na sikio lake halikumdanganya. Alichokosa ni kuona kwamba ishirini ni vitita viwili, na kwamba kila tarakimu ina mahali pake pa kukaa. Ukimweleza kwa mdomo mara mia ataitikia, "Ndiyo mwalimu." Ukimpa kamba afunge mwenyewe, kosa lile huanza kupotea.

Kwenye kutoa faida ni kubwa zaidi. Tuseme swali ni thelathini na mbili toa kumi na saba. Mtoto anaandika 32 juu, 17 chini. Anatazama mbili na saba, anaona mbili ni ndogo, basi anageuza: saba toa mbili, tano, tatu toa moja, mbili. Jibu lake ni 25. Anawekewa alama ya kosa na kukumbushwa "kukopa". Neno kukopa halimsaidii kama hajawahi kukishika kile anachokikopa. Mpe vitita vitatu na vijiti viwili, mwambie akupe kumi na saba. Atakupa kitita kimoja, hizo kumi. Bado anadaiwa saba, na visivyofungwa anavyo viwili tu. Mwache ahangaike kidogo. Ukinyamaza ukampa muda, mara nyingi mkono wake wenyewe utaelekea kwenye kitita, kisha atakutazama na kukuuliza, "Nifungue?" Mwambie afungue. Sasa visivyofungwa vimekuwa kumi na viwili. Anakupa saba, anabaki na vitano na kitita kimoja. Kumi na tano. Mtoto aliyefungua kitita ameshaelewa kile ambacho darasa zima huambiwa likariri.

Katika jambo hili lugha zetu zinatusaidia, na sijui kwa nini hatuzitumii zaidi. Kiswahili kinamwambia mtoto waziwazi kwamba kumi na moja ni kumi, na moja juu yake. Mtoto wa Kiingereza anapofika kumi na moja na kumi na mbili hukuta majina yasiyoitaja kumi hata kidogo. Ila tukifika ishirini, thelathini, arobaini, Kiswahili nacho kinamficha mtoto: hasikii mbili ndani ya ishirini, wala tatu ndani ya thelathini. Mwalimu anaweza kuziba pengo hilo kwa kutaja vyote viwili: "Ishirini, makumi mawili. Thelathini, makumi matatu." Mwezi mmoja wa kusema hivyo utamfikisha mtoto mbali.

Na kuna bibi na babu zetu. Kimakonde na Kiyao huhesabu kwa mkono: sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, hivyo hivyo hadi tisa. Huu ni mpango kamili wa hesabu, na ni mzuri mno kwa mtoto wa miaka mitano. Mtoto anayeijua saba kama mkono mmoja na vidole viwili haanzi tena kuhesabu toka moja kila anapoulizwa saba kuongeza tatu. Anaona mkono wa pili umebakiza vidole vitatu, anavijaza, anasema kumi. Kwa hiyo mtoto akiletwa shuleni anahesabu kwa vidole, naomba tusimpige vidole hivyo. Mruhusu, mpaka siku atakayoviacha mwenyewe.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, katika miaka ya 1960 alieleza kwamba mtu hujifunza jambo jipya kwa kupitia kulitenda, kisha kuliona kwa picha, kisha kulishika kwa alama. Kabla yake, daktari wa Kiitaliano Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto huko Roma mwaka 1907, na mambo mengi aliyowapa watoto katika kazi yake, shanga za kupanga kwa makumi, vijiti vya urefu mbalimbali, yalisimama juu ya wazo hilo hilo. Nawataja kwa sababu wapo wanaoona visoda na mabua ni elimu ya maskini, kitu cha kutumia mpaka tutakapopata kompyuta. Shule za Montessori zina shanga, ya Mtua ina mbegu za ukwaju. Kinachotendeka kwenye akili ya mtoto ni kilekile.

Wilaya yetu ya Nachingwea ina sababu yake ya kuelewa kwamba hesabu lazima iguse kitu. Baada ya vita vikuu vya pili, serikali ya Uingereza ilipanga kulima karanga Tanganyika kwenye mamilioni ya ekari ili ipate mafuta ya kupikia. Nachingwea ilichaguliwa kuwa moja ya sehemu za mashamba hayo, reli ikajengwa kutoka pwani hadi huku. Takwimu zilikuwa nyingi na zilipendeza: ekari, tani, matrekta, paundi. Zilipigwa kabla udongo na mvua havijapimwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, paundi kama milioni 36 zikiwa zimepotea, na mapema miaka ya 1960 reli ikafungwa. Jina la Stesheni limebaki mjini Nachingwea mpaka leo, treni haipo. Waliopanga hawakushindwa kujumlisha. Jumla zao zilikuwa sahihi kwenye karatasi, na hazikugusa ardhi. Nikimwona mtoto wa darasa la pili amepata jibu sahihi la swali ambalo hawezi kulionyesha kwa vijiti, huwa naukumbuka mpango ule.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, maana hapa uangalifu unahitajika. Kwetu korosho ni tele, na mwalimu anaweza kushawishika kuzifanya vihesabio. Korosho mbichi yenye ganda siipendekezi kwa watoto wadogo kabisa. Ganda lina mafuta makali yanayochoma ngozi na midomo, na mtoto wa miaka mitano kila kitu hupeleka mdomoni. Karanga nazo zina tabu yake, huliwa kabla ya hesabu kwisha, na punje ndogo huingia puani au kumpalia mtoto. Mbegu za ukwaju ni nzuri kwa wa darasa la kwanza kwenda juu. Wa awali wape vitu vikubwa zaidi: kokwa za embe zilizokaushwa, mawe laini ya mtoni, visoda vilivyogongwa kingo zisikate. Udongo wa mfinyanzi nao ni hazina. Mtoto akifinyanga vipira kumi, akatoboa, akatunga kwenye kamba, ametengeneza kihesabio chake na amejifunza kumi akiwa anakitengeneza.

Shuleni kuna jambo linaloniuma. Utaingia darasa la awali ukute kona ya hisabati imepambwa: visoda vimepangwa, namba zimekatwa kwenye maboksi, vijiti vimefungwa vizuri. Ukitazama vizuri unaona vumbi. Vitu vile vimetundikwa juu, mtoto hafiki, maana mwalimu anaogopa vitaharibika kabla wageni hawajaja kukagua. Namsihi mwalimu huyo avishushe. Zana iliyochakaa kwa kushikwa ina thamani kuliko ile inayong'aa ukutani, na mkaguzi mwenye busara anapaswa kutafuta zana zilizochakaa.

Namwelewa mwalimu lakini. Mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Tangu ada na michango ilipofutwa mwaka 2016 watoto waliomiminika ni wengi, jambo jema, na mwalimu wetu mara nyingi yuko peke yake na idadi inayozidi hiyo mara mbili, mara tatu. Kumwambia awape wote vijiti kwa wakati mmoja ni kumwonea. Linalowezekana ni kuligawa darasa. Nusu wakae chini ya mkorosho na vijiti vyao, wawili wawili, mmoja ahesabu na mwenzake asahihishe. Nusu nyingine wachore namba mchangani au waimbe na mwalimu. Baada ya robo saa wabadilishane. Wanafunzi wawili wa darasa la tano wakija kusaidia mara moja kwa wiki, nao watafaidika, kwa sababu wapo wa darasa la tano ambao kitita hawakuwahi kukifungua.

Hata redio imewahi kuifanya kazi hii ya kuwahesabisha watoto kwa vitu. Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, kulikuwa na vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, vilivyoandaliwa na wizara ya elimu pamoja na shirika la Marekani la EDC. Vilisikilizwa shuleni na pia katika vikundi vya watoto waliokosa nafasi ya darasa la maandalizi, chini ya mti au barazani, mbele ya mtu mzima wa kijijini aliyejitolea. Sauti ya redio inaimba, inasimulia, kisha inasema: okota mawe matano, weka mawili upande huu. Inanyamaza ili watoto wafanye. Kunyamaza kule ndiko kulikokuwa somo. Naamini vituo vyetu vya redio huku kusini vinaweza kuifanya kazi hiyo, na walimu wa kuandaa vipindi tunao. Chuo cha Ualimu kipo hapa hapa Nachingwea.

Nyumbani, mzazi mwenzangu, hesabu ziko kila upande, tatizo hatumwiti mtoto. Akicheza mdako, pale anaporusha jiwe juu na kurudisha mengine shimoni akibakiza moja, raundi inayofuata mawili, kisha matatu, anayagawa mawe kwa mafungu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mtoto hahitaji kujua kanuni zote. Kule kuweka kete moja kwa kila shimo bila kuruka wala kurudia ndiyo dawa ya yule mtoto ambaye mdomo wake ulikimbia kuliko kidole. Mama anaposuka mkeka, anarudia rangi kwa mpango: mbili nyekundu, moja nyeupe, mbili nyekundu. Muulize mtoto ifuate rangi gani. Ng'ambo ya Ruvuma, mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefundisha Msumbiji miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2014, aliandika vitabu juu ya hesabu zilizomo kwenye ususi, na akazichambua nakshi za vikapu vya Inhambane kwa heshima ile ile anayopewa mwanahisabati wa chuo kikuu. Mkeka wa Mtua unastahili jicho kama hilo.

Na ipo mizani. Msimu wa korosho, mzigo unapopelekwa kwenye AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, kabla ya mnada wa RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, mpeleke mtoto wa darasa la pili. Asimame pale mzigo unapopimwa. Akusomee kilo. Mwambie akisie kabla: gunia lile litafika ngapi? Kwenye ufuta na mbaazi vivyo hivyo. Jambo hili ni zito kwetu, kwa maana sote tunaijua kangomba, ununuzi wa pembeni wa kipimo cha kienyeji badala ya mizani, na tunajua ni nani aliyeumia. Nyumbani, mpe mtoto kopo la kilo moja na bakuli linaloonekana kuwa sawa nalo. Ajaze kopo kwa mchanga, amimine kwenye bakuli, aone kama linajaa au linataka nyongeza. Akiona kwa macho yake kwamba bakuli limekula zaidi ya kopo, amepata elimu ya vipimo ambayo hatokaa aisahau.

Kuna wanaoniuliza: huyu mtoto atabeba vijiti mpaka lini? Atafika darasa la nne na mfuko wa mabua? Swali zuri. Vitu havifundishi vyenyewe. Nimeona darasa ambalo watoto wana visoda tele na kinachoendelea ni kuvirundika tu. Kila kazi ya mkono iunganishwe na mchoro, na mchoro na namba. Leo afunge vitita. Kesho avichore: mstari mrefu kwa kitita, nukta kwa kijiti. Keshokutwa aandike tarakimu pembeni ya mchoro. Wiki nyingine mfichie vijiti chini ya kitambaa, umuulize bila kuviona. Akijibu, vijiti vimemaliza kazi yake kwa swali hilo. Akikwama, fungua kitambaa, aguse tena. Mwingine atavihitaji wiki mbili, mwingine muhula mzima, na huyo wa muhula mzima asichekwe.

Kikao kijacho cha wazazi na walimu tunaweza kukubaliana jambo moja dogo: kila mtoto wa awali, wa kwanza na wa pili aje shuleni na mfuko wake wa vijiti thelathini na kamba tatu. Mabua yapo mengi baada ya mavuno. Kata urefu wa kidole cha mtu mzima, paruza ncha zisimchome, tafuta kitambaa kikuukuu ushone mfuko wenye jina lake. Kata vitano vya ziada, maana vitapotea.